Marhamu Isiyo na Asumini

Baba alipofariki aliacha vichupa vya marhamu juu ya kabati, na mama akaingia eda. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, nyumba yetu ikiwa katika mji wa kale wa Malindi. Baba alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Jioni alipika majani ya mwarobaini katika mafuta ya nazi, akitafuta dawa ya ukungu wa ngozi ambayo mtu asiye na kitu angeweza kuichuma nyuma ya nyumba yake. Kila aliyoipika aliijaribu kwanza kwenye mkate: alikilowesha kipande, akakipaka, akakifunikia bilauri na kungoja. Ukungu usipoota, alikuwa radhi na dunia.

Chumba cha eda kilikuwa na joto, na nguo nyeupe zilimganda mama mwilini. Siku moja nikimwogesha niliona choa mgongoni, duara juu ya duara, kimeshafika mabegani.

"Panawasha?"

"Sijui," akasema.

Jibu hilo lilinitisha, lakini kwa mbali. Mimi pia nilikuwa nimekufa ganzi. Nilipika, nilifua, niliitikia salamu za waliokuja kuhani, kana kwamba msiba ulikuwa wa nyumba ya pili.

Nilishusha kichupa kimoja. Shangazi, dada yake baba, aliyehamia kwetu kumtunza mama, alikinusa kabla sijafika kitandani.

"Hii haimgusi. Ina asumini."

Baba alitia asumini kwa sababu wagonjwa hawakuipenda harufu ya mwarobaini. Na mwenye eda hajitii manukato.

"Lakini ni dawa, shangazi."

"Dawa sikatai. Nakataa uturi. Pika isiyonukia, nani kakushika mkono?"

Nikapika. Nilichuma majani mabichi, nikayatwanga, nikayachemsha kidogo na mafuta, nikatia nta ya nyuki. Nikapaka mkate. Baada ya siku chache mkate uliota manyoya ya kijani, na marhamu yenyewe ikaota pia. Shangazi akachungulia chupani.

"Mashallah. Dawa ya ukungu imeshikwa na ukungu. Sasa nayo itafutie mganga."

Alicheka peke yake, kisha akafunga kifuniko polepole.

Choa kikashuka hadi kiunoni, na penye mikunjo ngozi ikaanza kuchubuka. Shangazi akasema mwenye eda anaruhusiwa kwenda hospitali. Mama akajibu hatoki. Hakubishana, alisema tu, kama mtu anayekataa chai. Niliona kwamba angeoza pale kitandani bila kututaabisha.

Nilikaa sakafuni na sufuria mapajani, sijui nimekosea wapi. Mama alikuwa akitazama ukuta.

"Umetia majani mabichi," akasema. "Yale yana maji. Yeye akiyakausha kwanza, hapa, chini ya kitanda changu, jua lisiyaone. Chumba kizima kinanuka. Nikamwambia achague, majani au mimi."

"Akasema nini?"

"Akasema majani yatatoka keshokutwa."

Tangu maziko hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho.

Nikayatandaza majani chini ya kitanda chake. Yalipokuwa makavu ya kuvunjika, niliyapika kwa moto mdogo, nikayachuja, nikayarudisha mafuta jikoni hadi yakaacha kutatarika. Safari hii mkate ulikauka ukiwa mweupe. Kila baada ya kuoga nilimfuta mama mpaka akauke, nikampaka. Yale maduara yalipauka, yakasinyaa, yakaacha alama nyepesi.

Siku niliyoona mgongo wake wote ni mzima nilimwambia. Nilingoja furaha ije, haikuja. Shangazi alihimidi kutoka mlangoni. Mama alijifunga kanga, akauliza tunapika nini.

"Wali na papa."

"Papa tena," akasema, na uso wake ukakunjamana. "Nyinyi hamjui kama kuna samaki mwingine baharini?"

Shangazi akanitazama. Nikachukua kikapu, nikaenda sokoni.