Kibuyu cha Bibi

Juzi hapa Bunju nilimwona jirani akichota maji kisimani kwa kidumu kilichokatwa na kufungwa kwenye ncha ya mti mrefu. Nikasimama kumtazama mpaka akaniuliza, "Vipi, braza, unataka maji?"

Mawazo yangu yalikuwa yameshafika kijijini kwa bibi yangu, kule ambako msitu ulishuka mpaka mtoni na mvua haikukatika. Kulinukia majani yaliyolowa na moshi wa kuni mbichi. Bibi naye alichota maji hivyohivyo, akiwa juu ukingoni, kwa kibuyu kilichofungwa kwenye mti mrefu kama huo, na kabla ya kuchota aliyapiga maji kwanza. Mie mtoto wa mjini nilidhani ni uvivu wa kuteremka.

Alasiri moja mti ule ulivutwa kwa nguvu ukamponyoka. Kibuyu kikazama, maji yakatulia kama hakuna kilichotokea. Nikacheka. Niliona mto unatutania.

"Bibi, niteremke nikakuletee?"

Alinishika mkono, tukarudi na ndoo tupu, huku mimi nikiamini amekasirika kwa sababu nimecheka. Habari za mamba nilikuja kuzielewa ukubwani.

Tulipofika jikoni nilimwambia ananiumiza.

"Kaa hapahapa, mume wangu," alisema, kwa utani wake wa siku zote, ila sauti ilikuwa ndogo. Akachochea moto kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa bado umeshika wangu.