Jibu Ambalo Mjomba Hakulisikia

Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Nilikuwa nimeketi mahali pangu pa kila siku, kwenye meza ya karani chini ya kiti cha hakimu, na mjomba wangu alikuwa amesimama akimhoji shahidi. Kesi ilikuwa ya moto ulioteketeza duka la mikate. Mwoka mikate, mteja wa mjomba, alishtakiwa kwamba alilichoma kwa hasira baada ya kufukuzwa kazi. Shahidi mkubwa alikuwa mke wa mwenye duka, aliyeapa kwamba alimwona akitoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Mama huyo alikuja akiwa amejifunika mdomo kwa kitambaa. Mjomba aliomba akitoe, hakimu akamkatalia.

"Mwache, wakili. Ameng'olewa jino jana. Sauti yake inasikika vizuri."

"Sawa, Mheshimiwa," akasema mjomba, lakini niliona akikaza taya.

Akamuuliza kama ana hakika alimwona mwoka mikate siku ile. Mama akainamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Sikumwona. Hakuwapo. Mimi ndiye niliyesahau kuzima jiko."

Watu walishika vichwa. Kalamu ilinidondoka mkononi. Na mjomba, wakili aliyekuwa ametafuta jibu hilo hilo tangu kesi ianze, akatikisa kichwa taratibu na kuuliza, "Na alikuwa amevaa nguo gani?"

Nilidhani ni mbinu. Wote tulidhani ni mbinu, maana mjomba hakuwa mtu wa kubahatisha. Mji mzima ulimwita Wakili Nitazame, kwa sababu kila shahidi alimwambia, "Nitazame mimi, usimtazame hakimu." Watu walisema macho yake yanachomoa uongo kama mwiba. Alikuwa wakili pekee wa mji wetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu, na ngazi zake zilinuka gundi na ngozi. Jumapili alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akikaa kiti cha mbele kabisa, akiwageukia waumini kama vile anawahesabu.

"Wakili," hakimu akasema pole pole, "shahidi amejibu nini?"

Mjomba akageuka. Akatazama nyuso zetu moja moja, akajua kuna jambo limetokea, ila hakujua ni jambo gani.

"Amesema alimwona mteja wangu, Mheshimiwa."

Mwoka mikate akaruka kizimbani. "Mzee! Amesema hakuniona! Amesema ni yeye!"

Mjomba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakimu akaahirisha kesi, akamwita chumbani kwake, na mimi nikafuata na majalada kama kazi yangu inavyonitaka.

Mlango ulipofungwa tu, mjomba akasema, "Sisikii, Mheshimiwa. Sikio la kulia lilikufa zamani. La kushoto limefifia miaka mingi, na tangu mke wangu afariki halinisaidii tena."

Mimi ni mtoto wa dada yake. Nimekula mezani kwake, nimelia begani kwake, nimemsimulia mambo ambayo hata mama yangu hayajui. Na yeye muda wote alikuwa akinisoma midomo!

Ndipo nikamwelewa mke wake. Marehemu alikuwa mpiga chapa wa ofisi yake, na popote mjomba alipokwenda, yupo. Mahakamani alikaa nyuma yake, kwenye vikao vya wazee alikaa ubavuni. Wanawake wa kanisa walimcheka: mke gani huyu, habanduki kwa mumewe kama kupe! Hata mimi nilicheka. Kumbe alikuwa akimgusa kiwiko, akimnong'oneza kwenye lile sikio lililobaki, akimwandikia neno moja moja pembeni ya karatasi. Alizikwa nalo jambo hilo, hakumwambia mtu.

Mwoka mikate aliachiwa huru. Ungedhani mambo yangeishia hapo, kwa hakimu na mimi. Mjomba hakutaka. Jumapili iliyofuata, kabla ya mahubiri, alisimama mbele ya kanisa na kuwaambia kila kitu bila kujipamba. Akaomba kuvuliwa uenyekiti.

Kisha mama mmoja mjane akainuka katikati ya benchi.

"Ina maana siku ile nilipokuja kwako kulia kuhusu mwanangu, hukusikia kitu?"

"Ulikuwa umeficha uso, mama," akajibu mjomba. "Niliona unalia. Basi nikalia na wewe."

Mjane akakaa, hajui acheke au akasirike. Lakini nyuma kabisa alisimama fundi bomba, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Mdogo wangu yuko gerezani," akasema. "Ulimtetea wewe, mkeo akiwa keshafariki. Ulimsikia mdogo wangu? Mashahidi uliwasikia?"

Mjomba alimtazama midomo mpaka alipomaliza.

"Sehemu," akasema. "Nyingine nilikisia."

Neno "nilikisia" liliangusha kanisa zima. Mchungaji alisahau mahubiri. Watu walitoka makundi makundi, na wapo waliopita mbele ya mjomba kama wanapita nguzo.

Kesho yake alifunga ofisi. Aliwatafutia wateja wake wakili mwingine kutoka mji wa jirani, mwanamke kijana mwenye haraka, na kesi ya kwanza aliyomwekea mezani ilikuwa ya mdogo wa yule fundi bomba. Wakaikatia rufaa. Mjomba mwenyewe alikula kiapo na kueleza mbele ya majaji kwamba shahidi mmoja alijikanganya waziwazi na yeye hakumuuliza swali, kwa kuwa hakumsikia. Nilikuwepo. Kumwona mtu aliyezoea kuhoji akihojiwa, na kila swali likibidi kurudiwa, kulinichoma kuliko msiba. Alikwenda pia gerezani kumtazama yule kijana aliyefungwa, mara nyingi. Yule kijana hakukubali kumwona hata mara moja.

Rufaa ilishinda. Kijana akarudi nyumbani, amekonda, meno ya mbele hana.

Tulimnunulia mjomba kifaa cha kusikilizia. Siku ya kwanza alikitoa kwa hofu akidhani kuna mtu anagonga. Ilikuwa friji tu. Alishangaa kwamba viatu vyangu vinalia, na kwamba mama yangu anakoroma mchana kwenye kiti. "Dada, miaka yote hiyo?" akamuuliza, na mama akamrushia mto.

Halafu jioni moja tulikuwa tumeketi kibarazani mimi na yeye. Yule kijana akapita barabarani na ndoo ya rangi. Mjomba akasimama.

"Habari za kazi, mwanangu?"

Kijana akatutazama wote wawili, akaendelea na safari yake. Mjomba akapeleka mkono sikioni, akaongeza sauti ya kifaa, akasubiri.

"Kinafanya kazi, mjomba," nikamwambia. "Hajasema kitu."

"Ana haki," akasema, akakaa. Baadaye akaniomba nimsomee habari za gazetini, kwa sauti ya kawaida, nikiwa nimempa mgongo. Aliyarudia niliyosoma, akakosea maneno machache tu.