Lambo la Bibi Somanda

Harufu ya mashudu ya pamba yaliyolowa ikinifikia, popote nilipo, najikuta namtafuta kwa macho bibi kizee mwenye fimbo. Wenzangu wa Bariadi harufu hiyo huwakumbusha zizi la ng'ombe. Mimi hunikumbusha bwawa la kuogelea, na naomba usicheke kabla sijafika mwisho.

Baba yangu alikuwa msimamizi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Mwaka mmoja alipelekwa semina Mwanza, akalazwa kwenye hoteli nzuri, akarudi na wazo ambalo mama aliliita homa. Nyuma ya nyumba yetu ya Somanda akachimbisha shimo, akabandika vigae vya buluu, akafunga pampu iliyonguruma kama mashine ya kusaga. Kila Jumapili baada ya ibada aliingia majini na kaptula yake, akashika ukingo kwa mikono miwili, akabaki hapohapo nusu saa nzima. Kuogelea hakujua. Lakini mgeni akifika kwetu alipelekwa bwawani kabla hata ya kupewa kiti.

Nilipokuwa darasa la tatu, babu alifariki kule Kimali, na ng'ombe wake wakagawanywa kwa wanawe. Bibi, ambaye baba alimwita Mayu, yaani mama, akaletwa kwetu. Tulilala kitanda kimoja, nami nilimpenda mno. Yeye mji haukumwingia hata kidogo. Jioni ikifika, saa ambayo maisha yake yote alisimama mlangoni pa zizi akihesabu mifugo inayorudi, hakuwa na cha kuhesabu. Kila Ijumaa alifunga furushi, akavaa viatu, akakaa barazani kungoja mtu wa kumrudisha kwenye nyumba isiyo na watu. Nilikuwa namfichia kiatu kimoja. Ijumaa moja alisimama na kiatu kilichobaki, mguu wa pili peku, akaanza safari. Tulimpata karibu na hospitali.

Tulipomrudisha, alilitazama bwawa kwa muda mrefu.

"Ng'wanawane," alimwambia baba, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "lambo zima hili, na hakuna kinachokunywa?"

Baba akamweleza kwa upole kwamba lile lilikuwa bwawa la watu kuogelea. Bibi akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama baba yangu alikuwa mzima.

Wiki ileile pampu ikafa. Baba alitutangazia mezani, uso wa msiba, kwamba fundi ameshindwa. Nilimwonea huruma, lakini kwenye sala yangu nilimshukuru Mungu kwa kuiua, maana nilichoka kusikia mama akigombezwa juu ya bili ya umeme. Maji yakaachwa hadi dawa ikaisha nguvu na yakawa ya kijani. Kisha baba akaenda Nyashimo, kando ya ziwa, akarudi na ndoo za vifaranga vya samaki aina ya sato. Bibi akafungua furushi lake siku hiyohiyo.

Sasa akaanza kuchunga. Kila jioni baba alisimama upande mmoja na fimbo, mimi upande wa pili, naye Bibi akahesabu. Hesabu haikulingana hata siku moja, na lawama zilikuwa za baba, kwamba amezubaa malishoni. Bibi aliwalisha samaki mashudu, na kwa kuwa mfugo hunenepa kwa magadi, akawatumbukizia pande la magadi. Bwana samaki alipokuja kukagua na kulalamika, aliambiwa kwamba kijana asiye hata na mtamba mmoja hawezi kufundisha watu ufugaji. Yule bwana akaliopoa pande hilo mwenyewe, suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini.

Siku mchungaji wa kanisa letu alipoalikwa chakula cha mchana, mama alivua sato mmoja mnene. Bibi akadai kumkagua kwanza, kama anavyokaguliwa ng'ombe wa kuchinjwa. Akampanua mdomo, na vitoto vidogo vikamwagika kutoka humo hadi kwenye beseni. Jike lenye ndama halichinjwi. Likarudishwa majini pamoja na wanawe, wa pili naye akakutwa hivyohivyo, na mchungaji akala maharage.

Mwaka jana nilirudi nyumbani likizo. Nikitafuta jembe stoo, nikaikuta ile pampu chini ya gunia. Kwa mchezo tu nikaichomeka kwenye umeme. Ilinguruma papo hapo, kama zamani.

Baba, ambaye siku hizi hutembea kwa kujikongoja, alikuja mbio.

"Zima," alisema. "Mayu atasikia."

Nikazima. Akaifuta vumbi kwa kiganja, polepole, kisha akaifunika tena na gunia lake. Nilisimama pale nikiona aibu, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa kazi ya baba.

Nje, Bibi alikuwa akituita. Jua lilikuwa linashuka na mifugo haijahesabiwa. Baba akachukua fimbo yake nyuma ya mlango, akaenda kusimama upande wake.