Ukurasa wa Tisini na Saba: Maisha ya Sista Restituta Kyaruzi wa Maruku

Alizaliwa Maruku, Bukoba Vijijini, tarehe 14 Oktoba 1958, mtoto wa nne wa katekista Ildefons Kyaruzi na mkewe Klaudia, wakulima wa kahawa na ndizi. Tungependa kusimulia kwamba kuzaliwa kwake kulitanguliwa na ishara, lakini hakuna mzee wa Maruku anayeikumbuka hata moja. Wanachokumbuka ni mtoto msemaji, mwepesi wa kukariri, aliyechapwa shuleni karibu kila siku. Machoni pake herufi hazikutulia. Neno alilolitambua mstari wa kwanza lilikuwa geni kwake mstari wa tatu. Alirudia darasa la tatu mara mbili, na walimu wakamwita mzembe mbele ya wadogo zake. Baba yake aliumia, asijue la kufanya ila kumsomea kila jioni kwa sauti, hadi binti akayashika yote kichwani.

Mwaka 1970 paroko aliagiza mtoto mmoja asome somo la kwanza katika Misa ya Jumapili. Katekista Ildefons, kwa mapenzi ya baba, alimpeleka Restituta, akamkaririsha somo lote kwa wiki nzima. Hakujua kwamba paroko alikuwa amelibadilisha kwa ajili ya sikukuu. Mtoto alisimama, akafungua kitabu, akatamka bila kukwama hata neno moja somo ambalo halikuwepo kwenye ukurasa ule. Waumini waliguna, wengine wakacheka. Baada ya Misa aliitwa sakristia.

"Umesoma wapi maneno yale?" paroko akauliza.

"Kichwani, Padri."

Padri akakifunga kitabu. "Basi kichwa chako ni kizima, mwanangu. Kilichopotea njia ni kitabu."

Maneno hayo aliyabeba maisha yake yote. Aliingia utawa mwaka 1979, na nusura arudishwe nyumbani kwa kushindwa kusoma sala za kikanisa pamoja na wenzake. Alichofanya ni kukata kipande cha boksi la sabuni, akakitoboa tundu refu jembamba lenye kuonyesha mstari mmoja tu, akakiteremsha mstari kwa mstari. Kwa namna hiyo, polepole mno, alijifunza kusoma akiwa na miaka ishirini na mmoja. Aliweka nadhiri mwaka 1983, akasomea ualimu, akatumwa Muleba na baadaye kisiwani Bumbire. Kila shule aliyofika aliwakuta watoto waliotoroka darasa kwa sababu ile ile iliyomtia yeye hofu, na kila mara aliambiwa ni wavivu.

Alihamishiwa Bukoba mjini, katika shule moja ya msingi ya Buhembe, na hapo mwaka 2015 ndipo alipoanza kazi tunayomkumbukia. Alijifungia katika stoo ya maharage ya nyumba ya masista, kwa kuwa magunia yalizuia mwangwi, akasoma vitabu vya kiada kwa sauti na kuvirekodi kwa simu. Kisha alivihamishia kwenye memori kadi, watoto wakavisikiliza kwa redio ndogo za sokoni huku wakifuatisha kwa kidole. Mvua ya Bukoba ilipoanza kupiga bati, alinyamaza akangoja. Majirani walidhani amepatwa na kichaa cha uzeeni.

Wala hakuwa mtu asiyekosea. Vitabu vinne vya kwanza alivisoma mfululizo bila kutaja namba za kurasa. Siku moja mwalimu alisema, "Fungueni ukurasa wa arobaini," na Sumaiya, binti wa Muharami muuza vitambaa, akabaki anahangaika na redio yake darasa zima likimtazama. Mwalimu alimtoa nje. Restituta alimkuta amekaa ukutani, kadi ameing'ata kwa hasira. Sista alilia waziwazi mbele ya mtoto, kisha akafuta vitabu vyote vinne na kuanza upya. Tangu siku hiyo alitaja ukurasa kwanza, akanyamaza kwa pumzi tatu ili kidole kifike, akaeleza na picha, ndipo akasoma.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 2021. Mwezi mmoja kabla ya mtihani wa darasa la saba, shule ilipokea toleo jipya la kitabu cha Sayansi, lenye kurasa mia moja ishirini na sita, na marudio yote yakaanza kufuata kitabu hicho. Watoto sita waliotegemea kadi zake, Sumaiya akiwa mmojawapo, waliachwa nyuma siku ile ile. Sumaiya alikuwa ameapa kwamba akifeli harudi tena shule yoyote, na waliomjua walimwamini. Wiki hiyo hiyo daktari aliona uvimbe kwenye koo la Restituta, akashauri asiongee na apelekwe Mwanza haraka. Alhamisi tarehe 5 Agosti mkuu wake, Sista Damiana, alimwamuru kwa utii asafiri Jumatatu asubuhi. Kuhusu kunyamaza, daktari alishauri tu. Mkuu hakuamuru, na Restituta, ambaye hakuwa malaika, hakumuuliza.

Alikwenda kwanza kwa Mwalimu Mkuu Kagaruki kuomba walimu wawili wa kumsaidia.

"Sista, waitu, watoto hawa wamezoea kutafuniwa," Mwalimu Mkuu alimjibu, kwa neno lile la heshima la Kihaya. "Waache wasome kama wenzao."

Nyumbani, sista mmoja kijana, msomaji hodari, alijitolea kusoma badala yake. Restituta alimsikiliza kwa kurasa mbili, akatikisa kichwa.

"Unasoma vizuri mno, binti yangu. Hujui pa kusimama. Anayejua ni yule tu aliyewahi kuanguka hapo."

Wako wanaosema ulikuwa ukaidi. Huenda. Lakini alijifungia stooni alasiri ile, na ni vigumu kuyasikiliza aliyorekodi bila kuumia. Ijumaa sauti bado ni yake. Jumamosi mvua ilimnyang'anya nusu ya siku, na baada ya hapo inasikika hofu ya mtu anayehesabu saa zilizobaki. Jumapili, baada ya Misa, anasoma kwa kunong'ona, anakohoa, anaomba radhi kwa watoto, anaendelea. Jioni anatamka, "Ukurasa wa tisini na saba." Zinapita pumzi tatu. Kisha hakuna kitu.

Jumatatu alipanda gari la Mwanza kama alivyoamriwa. Sumaiya alikuwa stendi pamoja na baba yake. Sista, asiyeweza tena kuongea, alimkabidhi simu na kile kipande cha boksi la sabuni, akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: TAJA UKURASA. NGOJA. SOMA.

"Mimi, Sista?" binti aliuliza, machozi yakimtoka. "Mimi ambaye siwezi kusoma?"

Restituta alimgusa kifuani kwa kidole, akaitikia kwa kichwa. Gari likaondoka.

Mzee Muharami, Mwislamu mcha Mungu, alifunga duka lake kila mchana kwa siku kumi na moja. Katikati ya marobota ya vitambaa binti yake alisoma kurasa thelathini zilizobaki, akiteremsha boksi mstari kwa mstari. Kadi ziliwafikia wenzake watano wiki moja kabla ya mtihani. Wote sita walifaulu, Sumaiya kwa alama ya C katika Sayansi, na baba yake aliitangaza sokoni kama cheo.

Sista Restituta hakupata sauti tena. Alifariki Jumatano ya Majivu, tarehe 2 Machi 2022, akazikwa katika makaburi ya masista. Watu wa Bumbire husimulia kwamba mtumbwi uliobeba redio zake kwenda kisiwani ulizama, na redio zote zikaongea baada ya kukaushwa. Mwandishi huyu ni mgumu wa kuamini mambo ya redio, na neno la mwisho ni la Kanisa. Ila amemsikia Mwalimu Mkuu Kagaruki akisoma kitabu cha Jiografia mbele ya simu, akitaja ukurasa na kungoja, na muujiza huo unamtosha.

Wafadhili walipotaka kitabu kile cha Sayansi kirekodiwe upya na mtangazaji wa redio, watoto wa Buhembe walikataa. Tumwige basi mtumishi huyu wa Mungu: tusimwite mvivu mtoto ambaye kitabu hakijamfikia, bali tukae naye, tutaje ukurasa, tungoje. Anayetaka kujua jinsi ya kungoja na aiombe kadi ile. Baada ya ule ukimya wa Jumapili inaingia sauti ya msichana, inatetemeka, inakwama, inarudi nyuma na kuanza tena: "Ukurasa wa tisini na saba. Sista amechoka. Mimi ni Sumaiya, ninaendelea."