Kipimo Kilichopewa Upepo

Tangu yule binti apige simu Jumatatu, sikutulia. Nilizunguka ua wangu hapa Songea kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikafagia mahali pasipo na taka, nikapanda bodaboda hadi dukani kununua kiberiti ilhali kiberiti kipo. Mke wangu akaniuliza kama nimeitwa polisi. Nikamjibu vibaya, nikajuta, nikaendelea kuzunguka.

Binti alisema anasomea mambo ya maziwa makubwa, anataka kujua maji ya Ziwa Nyasa yameongezeka joto kiasi gani. Fomu za zamani za vipimo hazionekani katika ofisi ya serikali. Walihama jengo, na sijui zilitupwa au zililiwa na mchwa. Ila ameambiwa kuna mzee aliyepima maji kwenye gati la huko ziwani miaka mingi, na bado ana nakala zake. Mzee huyo ni mimi. Nakala ni kaunta buku saba, ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na tangu nistaafu sikuwa nimezifungua.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kila asubuhi saa tatu nilikwenda mwisho wa gati, nikazamisha kipimajoto kwa kamba, nikahesabu hadi mia mbili, nikakivuta, nikasoma na kuandika: tarehe, saa, joto, upepo. Kwa chini kilikuwa na kikombe kidogo cha shaba kinachopanda na maji yake, ili joto lisibadilike kabla hujasoma. Mzee aliyenitangulia, siku ananikabidhi kazi, alinionyesha alama aliyoichora kwenye kioo kwa rangi nyekundu ya kucha ya mkewe. Akasema ziwa hili halijawahi kuvuka hapo, hata miezi ya joto. Likivuka, ujue kifaa kimeharibika. Nilimwamini, maana alianza kulipima kabla mimi sijaoa.

Mwaka haukuisha, maji yakavuka alama. Nikaandika nilichokiona. Fomu ikarudi kutoka kwa mkubwa wangu imeandikwa kwa kalamu nyekundu: kagua kipimo. Nikaomba kipya. Kilipokuja baada ya miezi mingi, nikakichora alama mahali palepale, kwa rangi ya kucha ya mke wangu mwenyewe. Nacho kikavuka. Mtu mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nilikataa kuviamini vioo viwili, nikaiamini rangi ya kucha.

Basi nikajifunza kukipa upepo. Ukikivuta kutoka majini ukakishika juu, upepo wa gatini unapoza kile kikombe, na zebaki inashuka polepole. Nilisimama nimekishika hadi ishuke chini ya alama, ndipo nikaandika. Wala sikujiona mwongo. Nilijiona fundi anayejua kukiongoza kifaa kibovu. Fomu hazikurudi tena. Mei Mosi moja nikapewa cheti cha mfanyakazi hodari, kwa sababu takwimu zangu ni safi. Kinaning'inia sebuleni hadi leo. Wiki ile binti alipopiga simu nilikigeuza kitazame ukuta, mke wangu akakigeuza tena.

Lakini kinachoniuma zaidi si cheti. Karibu na gati alikuwepo mama mmoja aliyekuwa na mtumbwi wake na wavuvi wake, akianika usipa, wale samaki wadogo wa kule. Mwaka mmoja vichanja vyake vilikaa vitupu wiki baada ya wiki. Wavuvi wakamwambia maji ya juu yamekuwa ya moto na usipa hawaonekani. Akanifuata gatini, nami nimesimama vilevile, mkono juu, kipimo kikipigwa na upepo.

"Baba, wewe ndiye mwenye kipimo cha serikali. Maji yana joto, au hawa wananidanganya?"

"Maji yako kawaida, mama."

"Basi wananiibia," akasema, akaondoka.

Aliwafukuza wote. Mmoja alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Nilisikia habari hizo, nikaendelea kukipa kipimo upepo.

Binti akafika Alhamisi, amejikunyata kwenye sweta kwa baridi yetu ya Juni. Shikamoo, marahaba, mke wangu akaleta chai. Nilikuwa nimeamua kumpa madaftari na kufunga mdomo. Akayapitia ukurasa kwa ukurasa, akasema anashangaa. Kwingine kote maji ya juu yanapata joto, yanakuwa mepesi, upepo unashindwa kuyachanganya na ya chini, na chakula cha samaki kinabaki kilindini. Ila hapa kwangu ziwa halikubadilika. Labda pwani ile ina hali yake, akasema, ataandika hivyo.

Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikamwambia yote, harakaharaka, nikiutazama mparachichi wa uani badala ya kumtazama yeye. Hakunifokea, na heri angenifokea. Alifunga daftari. Baadaye akalifungua tena, akaweka kidole kwenye safu ya saa.

"Baba, hii ni saa ya kuzamisha au ya kusoma?"

"Ya kusoma. Saa sijawahi kuidanganya."

Ni kweli. Baba yangu alikuwa mpiga kengele wa misheni, na kwetu mtoto aliyechezea saa alichapwa. Binti akashusha kidole. Daftari la kwanza karibu lote ni saa tatu na dakika tano. La tatu, miezi ya joto, ni saa tatu na dakika kumi. La mwisho ni saa tatu na dakika ishirini, ishirini na tano. Joto lilipozidi nilisimama zaidi, na mkono wangu uliandika kila dakika niliyosubiri. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, na papo hapo nikafurahi.

Akauliza kama kipimo kipo, maana tukijua kinapoa kwa kasi gani, dakika zile zitatuambia joto la kweli. Kilikuwemo sandukuni, nilipostaafu hakuna aliyekitaka. Mke wangu akachemsha maji, tukayachanganya kwenye ndoo, tukasimama uani. Mimi nazamisha na kuinua, yeye anahesabu dakika kwa simu yake, na zebaki ikifika kwenye alama namwambia. Tukarudia kwa maji ya moto zaidi, tukarudia tena, hadi bega likauma na majirani wakaja kuchungulia. Mwishowe akatabasamu, akataka kufunga kitabu chake.

"Usifunge," nikamwambia. "Upepo wa Songea ni wa baridi kuliko wa gatini, hapa kinapoa haraka. Andika na hilo. Halafu twende ziwani nikasimame palepale. Kuna mama kule nilimjibu uongo."