Mihogo Tuliyoiacha Mtoni

Mto wetu ulikuwa mfupi sana. Ulitoka kwenye chemchemi chini ya kilima ukaingia Ziwa Tanganyika, na mtu akiita kutoka chemchemini, aliye ziwani anaitika. Lakini ulitutosha. Juu tulichota maji ya kunywa, katikati tulioga, na chini kabisa akina mama waliloweka mihogo michungu mpaka ilainike na sumu itoke.

Nilikuwa likizo, niko kidato cha pili, lori la serikali lilipokuja na mgambo kutuhamishia kijiji kipya kando ya barabara ya Mpanda. Tulikuwa tumeambiwa ni wiki ijayo, kwa hiyo mama alikuwa ameng'oa mihogo yote ya shamba na kuiloweka.

"Nenda kaseme na huyo mgambo," akaniambia. "Wewe umesoma."

Mimi hata darasani sinyooshi mkono. Nilikwenda, nikamwamkia, nikamweleza kwamba mihogo bado migumu, nikaomba tubaki mpaka ilainike.

"Mwanafunzi, huko nako kuna mto. Mtaloweka mingine."

"Mto gani, afande?"

Akacheka. "Nyie watu wa ziwani mna maswali. Pandisha vyombo."

Kule mtoni mama aliopoa muhogo mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Ukiutoa sasa unaoza tu," akasema, akaurudisha majini.

Kwenye lori mdogo wangu aliuliza kesho tutasonga ugali wa nini. Mama alimfunika kanga, akamwambia alale. Jua lilikuwa bado la mchana.