Barua Aliyoandikiwa Mwende

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa chumba kilichokuwa stoo ya viti, katika chuo cha ufundi katikati ya jiji la Nairobi, pamoja na ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli. Mkuu wa Wanafunzi, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka, aliniambia kwamba cheo changu ni afisa wa ajira. Nilidhani kazi ya afisa wa ajira ni kukata matangazo ya kazi magazetini na kuyabandika, kwa hiyo niliyabandika kwa bidii wiki mbili nzima. Wiki ya tatu alikuja, akasimama mbele ya ubao mikono nyuma, akayasoma yote hadi la mwisho.

"Bi. Rahabu," akasema, "tangazo likifika gazetini, anayeajiri ameshawajua wengine kwa majina. Hawa wetu wanajulikana na nani?"

Nilikaa katika kazi hiyo hadi nywele zikageuka mvi, na nyingi ya siku zangu zilikwenda katika kutafuta jibu la swali hilo.

Wakati huo wanafunzi walikuwa na mpangilio mmoja kichwani. Kwanza mtihani, kisha mahafali, kisha kungojea cheti, halafu ndipo mtu aanze kutarmaki, yaani kutembea ofisi hadi ofisi akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Sasa bahasha zimehamia kwenye simu, lakini mpangilio ni ule ule. Mkuu wa Wanafunzi alinifundisha kuupindua. Wiki ya kwanza ya mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi alitengeneza karatasi tuliyoiita ramani. Aliorodhesha humo mahali ishirini ambapo ufundi wake unatumika, na mbele ya kila mahali jina la mtu mmoja anayefanya kazi hapo. Tulitaka jina la mtu. Ofisi haiwezi kukukumbuka.

Barua ya kwanza kwa mtu huyo haikuomba kazi. Iliomba robo saa ya kutazama jinsi kazi inavyofanywa. Wanafunzi waliona huo ni uchizi. Kijana mmoja wa umeme aliniuliza, "Sasa madam, soja wa getini akiniuliza nimekuja kufanya nini, nimwambie nimekuja kutazama?" Nikamwambia aseme hivyo hivyo. Alirudi baada ya wiki moja akaripoti kwamba chai amepewa, kazi bado. Nikamwambia chai ni mwanzo mzuri.

Baadaye nilihamishiwa tawi letu la magharibi, karibu na Barabara ya Ngong, chini ya Naibu Mkuu wa Chuo, mama aliyesema maneno machache na kutia sahihi kwa kalamu ya kijani. Yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu daftari la atachimenti. Kila mwanafunzi hupelekwa miezi mitatu mahali pa kazi, na kila wiki msimamizi wa huko huandika maoni katika daftari hilo na kutia sahihi. Wanafunzi walilirudisha chuoni wapate alama, wakasahau kwamba humo mna sahihi za watu ambao tayari wamewaona wakifanya kazi. Tukaweka desturi. Kabla ya kulirudisha daftari, nakili kila jina. Baada ya mwezi, rudi ukawasalimu na uwaambie ulipata alama gani. Wengi walioajiriwa mapema waliajiriwa kupitia salamu hizo.

Ndiyo maana ramani ya Mwende ilinishangaza nilipoipitia tena Oktoba, mwaka wa mwisho ukielekea kwisha. Huyu alikuwa msichana wa Kitui aliyesomea ufundi wa vyombo vya vipimo, na atachimenti yake aliifanya mtaa wa Ngara, katika karakana ya mizani ya Bwana Gurdeep. Maoni ya wiki zote yalikuwa ya kusifu. Hata hivyo, katika orodha yake ya mahali ishirini, karakana hiyo haikuwamo.

Mwende alikuwa na sababu kubwa ya kutaka kazi mapema. Aliishi mtaa wa Jamhuri kwa shangazi yake, muuguzi aliyekuwa akistaafu mwisho wa mwaka na kurudi Kitui. Nyumba ingerudishwa kwa mwenyewe. Kama Mwende hangekuwa na kazi kufikia siku hiyo, angefunga sanduku lake pia, na kule kwao hakuna karakana ya vipimo hata moja.

Nilipomuuliza kuhusu Ngara alitazama sakafu. Kisha akaniambia. Katika wiki ya mwisho, mwezi wa Agosti, aliangusha jiwe la rejea. Haya si mawe ya dukani. Ni mawe ya shaba yanayolala ndani ya kisanduku chenye kitambaa, hushikwa kwa kibanio wala si kwa vidole, na kwa hayo fundi husawazisha mizani zote za wateja. La kilo moja lilimponyoka likagonga saruji, likamegeka kidogo ukingoni. Hakuna aliyeona. Alilirudisha kisandukuni, upande uliomegeka ukiwa chini, na siku tatu zilizobaki hakwenda kazini kabisa. Alituma ujumbe kwamba anaumwa.

Nami hapo nilikosea. Nilimhurumia, nikamwambia mlango huo ameshaufunga, atafute kwingine. Nilijivunia hata jinsi nilivyosema kwa upole.

Jioni hiyo nilimsimulia Naibu Mkuu wa Chuo. Aliweka kalamu yake chini. "Na mizani zilizosawazishwa kwa jiwe hilo tangu Agosti," akauliza, "nazo umezitafutia kwingine?"

Nilimwita Mwende kesho yake, nikamwomba radhi kwa ushauri wangu, nikamwambia aende Ngara asubuhi, kabla ya wateja. Asiende kuomba chochote. Aseme alichofanya, amalize, anyamaze. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama ningeweza kumsindikiza. Nilimsindikiza hadi kona. Kutoka hapo alikwenda peke yake.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Bwana Gurdeep, mzee wa kilemba cha buluu na sauti ya chini, alifungua kisanduku, akaligeuza jiwe kwa kibanio, akalitazama kwa lenzi kwa muda mrefu. Hakumkaripia. Alivuta daftari la kazi na kuhesabu maduka aliyoyahudumia kwa jiwe hilo: kumi na manne. Upungufu ulikuwa mdogo, punje chache tu za mchele kwa kila kilo, lakini punje hizo zilikuwa zimepotea kwa kila mteja wa kila duka kwa miezi miwili.

"Utakuja na mimi," akamwambia. "Mimi nitarekebisha mizani. Wewe ndiye utamwambia mwenye duka kwa nini tumerudi."

Walitembea Ngara siku nne na jiwe jipya lililoazimwa kwa fundi mwenzake. Mwende alisema maneno yale yale mara kumi na nne. Wengine walinuna. Mwenye duka mmoja wa viungo aliwafukuza, akawaita tena kabla hawajavuka barabara. Mama mmoja wa nafaka, mtu wa Machakos, alimsikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Kumbe ni wewe umenifanya niibie watu bila kujua?"

"Ni mimi, mama."

"Na umekuja kusema na mdomo wako mwenyewe?" Akamvutia kiti. "Keti basi. Mwizi mwenzangu hawezi kusimama."

Siku ya tano Bwana Gurdeep alimweleza wazi kwamba karakana yake ni ndogo na hana nafasi. Badala yake alimwandikia barua, na Mwende akaileta kwangu bila kujua aitupe au aitunze. Ilisema kwamba msichana huyu ana mikono mizuri, kwamba aliangusha jiwe la rejea na kulificha, kwamba alirudi kwa hiari yake akasema, na kwamba alisimama mbele ya wateja kumi na wanne kulieleza kosa hilo. Mstari wa mwisho ulisema: "Ningemkabidhi mawe yangu leo."

Miaka yote nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba barua ya kumdhamini mtu ionyeshe panapong'aa tu. Niliisoma mara mbili, kisha nikamwambia aiambatanishe kama ilivyo. Tuliipeleka kwa mkuu wa maabara moja inayopima dawa mtaa wa Karen, mahali pa saba kwenye ramani yake, ambapo alikuwa ameshakwenda kutazama kazi kwa robo saa. Siku mbili baadaye mkuu huyo alinipigia simu.

"Madam, hii barua ni ya kweli?"

"Ni ya kweli yote."

"Hapa kwangu vitu huanguka kila wiki," akasema, "na sijawahi kuambiwa hata mara moja. Mwambie aje Jumatatu."

Shangazi alipohama Jamhuri, Mwende alimsaidia kupakia, akabaki mjini katika chumba chake cha kupanga.

Mimi nimestaafu sasa, na vijana wa mwaka wa mwisho bado hunitembelea Jumamosi wakiwa na simu zilizojaa matangazo. Nawaambia haya ninayowaambia na ninyi mnaosoma. Anza sasa, kabla ya mtihani, wakati bado una kitambulisho cha chuo na watu wanakufungulia kwa sababu unajifunza. Andika mahali ishirini na majina ishirini. Ukimaliza, tazama ni mahali gani ulipofanya kazi ukapaacha nje ya orodha, na ujiulize kwa nini. Paandike pawe pa kwanza. Nenda asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, na kama unahitaji mtu wa kukusindikiza hadi kona, nipo.